Meza Ni Mgeni: Maneno ya Seremala kwa Wenye Nyumba za Mji Mkongwe

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama mnataka kukimbia. Ingieni mkae, mikeka ipo. Nimeombwa nizungumze juu ya samani za kale katika nyumba zetu za mawe. Nilipoulizwa nitachukua muda gani nikajibu nusu saa, na mwenyeji wetu akacheka, maana anajua seremala akishikwa na habari za mbao hana breki. Basi nimejifunga kamba mwenyewe: leo nasema juu ya meza moja tu.

Nianze na neno ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Nyumba hizi hazikujengwa kwa ajili ya meza.

Mtu akirithi nyumba Kiponda, au akinunua Shangani, akishamaliza kupaka chokaa hutaka meza. Tena si meza yoyote, anataka ya kizamani, ya mbao nzito, watu wanane wakae wale. Anaizunguka minadani mpaka anaipata, anailipia, anabebesha vijana, na meza inafika mlangoni. Hapo ndipo naitwa mimi. Natoa futi, napima chumba, napima meza, kisha naomba maji ya kunywa.

Vyumba vyetu ni vyembamba, na sababu yake iko juu ya vichwa vyenu. Tazameni dari. Zile ni boriti za mkoko. Boriti inabeba mawe, chokaa na sakafu nzima ya ghorofa ya juu, na haiwezi kurushwa mbali: mita 2.5, ikizidi sana mita 3, baada ya hapo inalegea katikati. Mjenzi wa zamani hakumwuliza mwenye nyumba anataka chumba cha upana gani. Alitazama boriti zake, akazigawa, upana wa chumba ukajulikana. Urefu ndio uliokuwa huru, ndiyo maana mna vyumba virefu kama ushoroba. Na jambo hili halikuishia kwetu. Boriti zilipakiwa majahazini kwa korija, ishirini ishirini, zikapelekwa Ghuba, na huko nako ukiingia nyumba za kale za Kuwait na Bahrain unakuta vyumba vyembamba vilevile. Mkoko wa Lamu na Rufiji umeamua upana wa chumba cha mtu ambaye hajawahi kuuona mkoko umesimama.

Ndani ya chumba hicho, watu waliishi chini na ukutani. Chini kulikuwa na mkeka, zulia na sinia. Ukutani kulikuwa na zidaka, na ndani ya zidaka vyombo vya kaure, bilauri, saa. Samani zenyewe zilikuwa chache na kila moja ilikuwa na kazi yake: samadari la kulala, kasha la Surati la nguo na dhahabu, marufaa ya msahafu, na kiti cha enzi ambacho wenye nyumba wenyewe hawakukikalia, kikisubiri mgeni wa heshima. Hata kasri ya Mtoni, kwa Sayyid Said mwenyewe, binti yake Bibi Salme aliyekuja kuishi Ujerumani aliandika kwamba walikula kwenye sefra, kitu kirefu kipana chenye ukingo, kilichoinuka inchi chache tu kutoka chini. Viti na meza za miguu mirefu zilikuwamo kasrini, anasema, lakini zaidi zilikuwa za kuonyesha.

Sasa hii meza yetu ya inchi 30, inayokaliwa kwa kiti, ilitoka wapi? Ilikuja na karani. Ilikuja na forodha, skuli, misheni, posta, ofisi za serikali baada ya Mwingereza kuweka himaya yake mwaka 1890. Mafundi wa Kihindi na mafundi wenyeji wakazitengeneza kwa msaji na mvule, nzito, za kudumu, kwa sababu aliyelipa ni serikali na mbao zilikuwapo. Ofisi zilipobadili samani, zile za zamani zikapigwa mnada. Wazee wetu wakazinunua kwa bei ya kuni. Kwa hiyo, bwana unayeniambia una meza ya kale ya nyumba ya Kizanzibari, mara nyingi una meza ya karani. Nyingi nilizozishika mimi zilikuwa hivyo. Chungulia chini yake, kama hukuti namba ya ofisi.

Sisemi haya kuidharau meza. Nasema meza ni mgeni, na sisi tunajua namna ya kuishi na mgeni. Siku mbili anakirimiwa, ya tatu apewe jembe. Unampa kanzu, unampa kofia, unamwonyesha pa kukaa. Lakini humzulii nasaba. Humwiti binamu yako mbele za watu wakati hata jina la babu yake hulijui. Kazi yangu yote ya kubadilisha meza za zamani imo humo: natafuta kipimo kitakachoifanya meza iishi vizuri ndani ya nyumba, na nakataa pambo linaloifanya idanganye.

Sasa nije kwa meza yenyewe. Mwenye nyumba ni mama mmoja wa hapa mjini, sitamtaja, na amenipa ruhusa ya kusimulia ilimradi nisieleze aliniahidi kunilipa lini. Nyumba ni ya baba yake. Meza aliinunua baba yake mnadani. Ilikaa ghalani chini miaka mingi, imepakwa rangi ya mafuta ya kijivu, juu yake zimerundikwa ndoo na baiskeli. Wajukuu walipoanza skuli, akataka ipande juu, chumba cha mbele, waandikie na watu walie chakula.

Nilipofika tu akaniambia, "Fundi, usije ukaniharibia meza ya baba."

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Bado hata sijaigusa."

"Marahaba. Nakwambia kabla hujaigusa."

Nikaigeuza chali. Hii ndiyo hatua ya kwanza, na nawaomba vijana muishike: meza husomwa kutoka chini. Juu kunapakwa, kunasuguliwa, kunafunikwa kitambaa. Chini hakuna anayehangaika nako. Chini ya hii nilikuta mambo manne. Namba ya ofisi, imeandikwa kwa rangi nyeupe. Mbao yenyewe haijapakwa, kahawia iliyoiva, nikajua ni mvule. Uso wa meza umeungwa kwa mbao nne, kila moja upana wa inchi 10 na nusu, zimeshikana kwa gundi. Na misumari. Mtu fulani baada ya fundi wa kwanza aliipigilia misumari mbao ya juu kwenye mbao za kiunoni, ile fremu inayofunga miguu.

Misumari hiyo ndiyo iliyoipasua. Mbao haikui kwa urefu, lakini kwa upana wake haiachi kucheza. Masika inavimba, kaskazi ikipiga inasinyaa. Ukiipigilia misumari pande zote mbili umeifunga mikono, na itakapotaka kusinyaa itapasuka. Fundi wa kwanza alilijua hilo. Alichimba mfereji mwembamba ndani ya mbao za kiunoni na kutia vishikizo vidogo vya mbao vyenye ulimi: vinaushika uso wa meza usinyanyuke, lakini vinauacha uteleze. Mifereji ilikuwapo bado. Vishikizo vilikuwa vimepotea, na aliyekuja nyuma hakujiuliza mifereji ile ni ya nini.

Miguu ilikuwa imeoza inchi mbili za chini. Nanyi mnajua kwa nini. Vile vikopo vya maji tunavyoweka chini ya miguu ili sisimizi wasipande! Sisimizi hawakupanda, hilo ni kweli.

Kisha nikapima. Meza: urefu futi 6, upana futi 3 na nusu, yaani kama sentimita 107. Chumba: upana sentimita 260. Ukuta mmoja umekaliwa na kitanda cha kupumzikia, sentimita 75, na mama hakitoi, alizaliwa juu yake. Piga hesabu. Zinabaki sentimita 78 za kugawana viti na watu. Kiti kimoja kikivutwa, njia imefungwa. Mtu akitaka kwenda msalani lazima meza nzima isimame.

Palikuwa na njia tatu. Moja ni kuiuza meza na kutafuta nyingine, na nilimwambia mama hivyo, maana fundi asiyetaja njia hiyo hakutendei haki. Alinitazama kama nimemtukana marehemu. Ya pili ni kupunguza ukingo kila upande, ndivyo wengi wanavyofanya: msumeno huku, msumeno kule, meza imekwisha. Lakini ukingo wa meza ile uliviringwa kwa randa ya mkono, na umelainishwa na mikono ya watu miaka yote hiyo. Ukiukata umeitoa meza uso wake na kuibakishia mwili. Ya tatu ndiyo niliyoifuata. Nikatoa ubao mmoja wa katikati.

Gundi ya zamani ni ya ngozi na mifupa, inayoyeyushwa kwa moto. Ina sifa moja nzuri: ikipata joto na unyevu inakubali kuachia. Kitambaa cha maji ya moto, subira, kisu chembamba, kitambaa tena. Nilichukua siku nzima kufungua viungo viwili. Kijana wangu akanishauri tupitishe msumeno tu, dakika kumi. Nikamwambia msumeno unakula mbao, na kilicholiwa hakirudi, lakini kiungo kilichofunguliwa kinaweza kufungwa tena hata baada ya miaka hamsini. Zikabaki mbao tatu, kingo zote mbili za asili zipo, upana inchi 31 na nusu, sentimita 80. Chumbani zikapatikana sentimita 105. Kiti kinavutwa, na mtu anapita nyuma yake akigeuka ubavu kidogo.

Baada ya hapo hapakuwa na namna, fremu ilibidi ikatwe. Mbao mbili fupi za kiunoni nilizipunguza inchi 10 na nusu kila moja na kuzichongea ulimi mpya wa kuingia kwenye tundu la mguu. Katika kukata, msumeno ukalia na kusimama. Kijana akasema msumari. Haukuwa msumari. Mvule una tabia ya kujijengea mawe ndani yake, chokaa tupu, gumu kabisa, limefichwa katikati ya mbao safi. Linavunja meno ya msumeno na huwezi kuliona kabla. Mama alikuja kulitazama, akasema hata mbao ya nyumba hii ina mawe. Nimelihifadhi lile jiwe, linashikilia karatasi zangu karakana.

Ilikuwa na watoto wawili wa meza. Vijana siku hizi wanasema droo, haya, droo. Meza ikipungua upana, mtoto naye lazima apungue urefu wake wa kwenda nyuma, la sivyo anatokeza nyuma. Pembe za mbele zilikuwa zimefumwa kwa meno, meno yaliyochongwa kwa mkono, hakuna hata mawili yanayolingana. Hizo haziguswi. Nikamkata kila mtoto mgongoni, nikamtilia mgongo mpya. Ukivuta ukatazama mbele hutajua kitu. Ukimtoa mzima ukatazama nyuma utaona mbao mpya, na nimeiacha ionekane mpya, na tarehe kwa penseli.

Rangi sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa watu wanaumia. Rangi za mafuta za zamani nyingi zina risasi ndani. Ukizisugua kavu kwa msasa, vumbi lake unalivuta, na watoto wanaocheza sakafuni wanalilamba. Usifanye hivyo, wala usimruhusu fundi wako afanye. Lowesha, kwangua, kusanya maganda kwenye gazeti, funga, tupa mbali na kisima. Sisi tulilainisha rangi kwa dawa yake, nje, upepo ukiwa mgongoni, tukakwangua kwa chuma na kumalizia kwa kigae cha chupa. Naona mzee pale anatikisa kichwa, anakumbuka. Kigae kilichovunjika vizuri kinakwangua kuliko msasa, na hakirushi vumbi. Na mvule wenyewe, hata bila rangi, vumbi lake linawasha pua na ngozi, kwa hiyo funga kitambaa. Magadi makali ya kufulia watu wanayapenda kwa kuwa yanang'oa rangi haraka, lakini yanaipiga mbao weusi ambao hautoki kirahisi.

Miguu nikaikata pale palipooza, nikaunga vipande vya mvule kwa kiungo cha mshazari, ili uzito ukae juu ya mbao na usitegemee gundi peke yake. Mbao mpya ya mvule ni ya manjano. Msiogope, wala msikimbilie kuipaka rangi ya kahawia. Mvule unaiva kwa mwanga. Iweke karibu na dirisha na uipe miezi, itawafuata wenzake.

Hapa niungame kosa langu la ujana, maana naona vijana wananitazama kama sijawahi kuharibu kitu. Nilipewa meza nzuri ya msaji, inayumba. Nikaiweka chumbani mwa mwenyewe, nikaona mguu mmoja haufiki chini, nikakata mitatu mingine kidogo. Ikayumba upande wa pili. Nikakata. Ikayumba. Mnajua inakoelekea hadithi hii. Nilipomaliza, mwenyewe akaisogeza karibu na dirisha, ikaanza kuyumba upya kama mwanzo. Meza haikuwa na kosa hata siku ya kwanza. Sakafu ndiyo ilikuwa na bonde. Hizi sakafu za chokaa zilipigwa kwa mikono, wanawake kwa wanaume na nyimbo zao, na boriti chini yake zimelegea kwa miaka mia na zaidi. Hakuna sakafu sawa katika mji huu. Meza ile mpaka leo inatumika, watu huitaka kwa kuchambulia mchele wakiwa wamekaa kwenye kibao. Siku hizi nasawazisha meza juu ya ubao ulionyooka, na chumbani natia kikabari cha mbao chini ya mguu unaohitaji.

Turudi kwa mama. Tuligombana mara mbili, na nitawaeleza zote mbili.

Mara ya kwanza alitaka miguu ikerezwe. Alikuwa na samadari la bibi yake, miguu yake imekerezwa mafundo mafundo na kutiwa rangi nyekundu na nyeusi, akasema basi meza ifanane nayo. Na pembeni, akasema, pachongwe maua kama ya mlango. Nikakataa. Kwanza ni kwa sababu ya mbao: mguu wa mraba wa inchi 3 ukiutia kwenye kerezo utapoteza nyama, na meza inaweza kuyumba kwa haki safari hii. Lakini sababu yangu kubwa ni ile ya nasaba. Ua la mlangoni lina mahali pake. Mlango ulichongwa ili mpita njia ajue kaya ipi inaishi ndani, na mchongaji alianza na mbao iliyokusudiwa kuchongwa. Ukilipachika ua lile juu ya meza ya karani, umefanya kile wanachofanya wauza samani za watalii. Anayejua ataona, na asiyejua umemdanganya. Nikamwambia, "Mama, baba yako alinunua meza iliyonyooka. Kama alitaka maua angenunua yenye maua." Akanyamaza. Nilichofanya ni kuzivunja kona za miguu kwa randa, kidogo tu, mkono usikwaruzwe. Ukipita usiku gizani hugongi ncha.

Mara ya pili alinishinda. Vishikio vya watoto wa meza vilikuwa vya chuma, vimeliwa na kutu. Nikataka kutafuta vya chuma vinavyofanana. Yeye akatoa mfukoni pete mbili za shaba, za kasha lililoliwa na mchwa, kasha la mama yake. Nikasema haya ndiyo yaleyale, unampa karani pete za bibi harusi. Akasema, "Wewe umeshika mambo ya baba. Mimi nataka na mama yangu awemo." Nitajibu nini? Nikaziba matundu ya zamani kwa vijiti vya mvule, nikafunga pete. Mpaka leo nikiingia chumba kile naziona pete kabla sijaiona meza, na bado sijaamua kama nilikosea. Shaba angalau ina faida yake, kwamba chumvi ya bahari haiilii kama chuma. Skrubu zote nilizotia ni za shaba kwa sababu hiyo.

Mafuta. Kila mtu hapa ana bibi aliyekuwa akipaka samani mafuta ya nazi, na kila mtu ataniambia zilikuwa zinang'aa. Zilikuwa zinang'aa siku ile. Mafuta ya nazi hayakauki, yanabaki kama yalivyo, yananasa vumbi, yananuka, na sisimizi uliowafukuza kwa vikopo unawaalika kwa karamu. Waunda majahazi wao hupaka sifa, mafuta ya papa, na ukitaka meza yako inuke jahazi, shauri yako. Mimi natumia mafuta ya kitani, kidogo sana, yamefutwa vizuri, tabaka tatu kwa siku kadhaa, kisha nta ya nyuki. Vanishi ngumu ya kopo inavutia dukani, lakini kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu huanza kuinuka maganda, na ikiinuka sehemu moja unalazimika kuikwangua yote. Nta ikipata alama ya kikombe cha chai unasugua palepale, unaendelea na maisha.

Na tafadhali sana: kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kwenye pipa. Mafuta yale yakikauka yanatoa joto, na joto likikusanyika ndani ya kitambaa kilichokunjwa kinawaka chenyewe, bila kiberiti. Kitandaze nje mpaka kikakamae, au kitie kwenye maji. Nyumba zetu zina boriti kavu za zaidi ya karne moja. Sina haja ya kuendelea.

Meza ikapanda juu imefunguliwa vipande, kwa sababu ngazi zetu zina kona ambayo hata jeneza linaipita kwa hesabu. Tukaifunga hukohuko juu. Nikaweka vishikizo vipya kwenye mifereji ya zamani, hakuna msumari hata mmoja. Na nikamwonyesha mama aache nafasi ya kiganja kati ya meza na ukuta. Ukuta wa chokaa unavuta maji na kuyatoa, ndivyo unavyoishi, na mbao ikiuegemea itakunywa naye. Kama ukuta wako umepigwa plasta ya saruji, hali ni mbaya zaidi, maji hukosa pa kutokea na hutafuta pengine, lakini hilo ni la waashi, waite wao siku nyingine.

Kuhusu wadudu, kwa ufupi, kwa kuwa najua swali linakuja. Mvule ulioiva na msaji mchwa hawaupendi, wanapita. Wanachokula ni ile mbao nyeupe ya karibu na ganda, na mwembe, na mbao laini za siku hizi. Ukiona matundu madogo ya bungua, usiogope matundu, tafuta unga. Tandika karatasi nyeusi chini ya meza jioni. Asubuhi ukikuta unga mpya mweupe, wamo. Ukikuta karatasi safi wiki nzima, huenda wameshahama, hayo matundu ni kaburi tu.

Ubao wa katikati niliutoa nikauandika nyuma: ulikotoka, upande upi ulitazama dirisha, tarehe. Na vile vipande vya fremu nilivyokata, na migongo ya watoto wa meza, vyote nilivifunga kamba pamoja nao. Ukitaka kubadilisha mlango wa nje au roshani katika mji huu, Mamlaka ya Mji Mkongwe inahusika, na tangu 2000 tumo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Meza haina mamlaka isipokuwa mwenyewe na fundi wake. Ndiyo maana nahifadhi vipande. Siku mjukuu mmoja atajenga nyumba yake Fuoni, chumba kikubwa cha nondo na zege, atataka meza ya babu yake nzima, na fundi atakayemwita atakuta kila kitu isipokuwa ndimi mpya za fremu, ambazo atajichongea.

Mzigo huo mama ameuweka kule nyuma, juu. Wajukuu wameambiwa usiguswe. Wanaandikia kwenye meza, na mmoja ameshachora jina lake kwa bikari ya hesabu, upande wa ndani wa mguu. Mama aliniita nije kulifuta. Nililitazama, limechorwa inchi chache tu kutoka ilipo namba ya ofisi. Nikamwambia leo sina msasa.

Basi. Yule bwana aliyekuja na stuli yake kaiweka pale nje, ailete mbele. Ipindue chali kwanza.